Mafunjo, pembe na samadi: Sanaa ya Endiinzi inayoishi kwa ziwa na zizi

ENDIINZI, Uganda – Mfanyabiashara anayevuka mto Kagera kutoka Murongo, upande wa Tanzania, akaingia Kikagati na kushika njia za wilaya ya Isingiro kuelekea Endiinzi, kwa kawaida ana mambo manne kichwani: ndizi, maharage, mahindi na ng'ombe. Hizo ndizo bidhaa zinazojaza malori ya huku. Ni wachache wanaotazama kwa makini mizigo midogo inayofungwa juu ya magunia: mikeka ya mafunjo iliyoviringishwa, vikapu vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, vyombo vya maziwa vya mbao, na mapambo yaliyochongwa kwa pembe za ng'ombe.

Mizigo hiyo haina uzito mkubwa kwenye mizani, lakini ndiyo inayoeleza vizuri zaidi nchi hii ni ya namna gani. Kila mkeka ni kipande cha ziwa. Kila pembe ni kipande cha zizi. Ziwa na zizi vikipungua, bidhaa hizo nazo zitapungua. Na katika kuamua kama vitabaki au vitakwisha, mkono wa mnunuzi una nguvu kuliko wengi wanavyodhani.

Nchi iliyopewa majina na nyasi na swala

Ankole ni nchi ya malisho tangu zamani. Hata jiji la Mbarara, lililopandishwa hadhi kutoka manispaa Julai 2020, limepata jina lake kutokana na emburara, nyasi ndefu zilizokuwa zimefunika vilima vyake. Kampala nayo imebeba jina la swala pala, mnyama aliyekuwa akilishwa na vilima vya Buganda. Leo anayetaka kumwona swala pala katika hifadhi ya taifa nchini Uganda hana budi kuja huku, katika Hifadhi ya Ziwa Mburo, mashariki mwa Mbarara.

Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1983, na historia yake haikuwa laini. Miaka ya 1960, serikali ilipogawa maeneo makubwa ya Ankole kuwa ranchi za mifugo, wanyamapori walipigwa risasi kwa wingi ili kuwanyima mbung'o chakula na kuondoa ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe. Baadaye, hifadhi ilipoanzishwa, wafugaji waliondolewa. Utawala ulipobadilika mwaka 1986 wengi walirudi, na eneo la hifadhi likapunguzwa. Leo lina kilomita za mraba zipatazo 370, na limezungukwa na ranchi na mashamba kila upande.

Kwa hiyo katika ranchi za upande huo si ajabu kuona pundamilia wakilisha pamoja na ng'ombe, wakinywa kwenye bwawa moja, huku yangeyange weupe wakifuata nyuma kuokota wadudu wanaoruka kwenye nyasi. Mfugaji hawafurahii sana pundamilia, maana wanakula majani aliyoyawekea uzio. Lakini mtalii anayetoka mbali hulipa fedha kuwaona wanyama haohao. Sheria ya Uganda inataka asilimia 20 ya mapato ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii jirani, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa wanaoharibiwa mali au kuumizwa na wanyama. Mwaka 2015 walihamishiwa huko twiga 15 kutoka Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, na sasa shingo zao ndefu huonekana juu ya migunga.

Wanyama hawajui mipaka. Zamani nyanda hizi za Mburo, Akagera ya Rwanda na Karagwe ya Tanzania zilikuwa malisho mamoja, na mto Kagera ulikuwa kinywaji cha wote. Mwaka 2019 Tanzania nayo ilipandisha hadhi mapori yake ya Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe kuwa hifadhi za taifa. Mfanyabiashara wa Murongo na mwenzake wa Endiinzi wanaishi pembezoni mwa nyika ileile, ila kila mmoja anaiita kwa jina la nchi yake.

Ziwa linalofuma mikeka

Kaskazini ya Endiinzi ndiko kuliko makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Yalianza mwaka 1958, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Wa kwanza kupokelewa walikuwa Watutsi waliokimbia Rwanda. Leo kuna watu zaidi ya 150,000 kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Ethiopia na Eritrea, wanaoishi katika vijiji vilivyotawanyika juu ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 185. Katikati ya yote hayo kuna Ziwa Nakivale.

Ziwa hilo ndilo linalotoa maji yanayosafishwa na kusambazwa kwenye makazi. Ndilo linalotoa samaki. Na kingo zake ndizo zinazotoa mafunjo, malighafi ya mikeka, vikapu na hata kuta za vibanda vya muda.

Kazi ya mafunjo inaonekana rahisi kwa anayeitazama kutoka barabarani. Mkataji huingia kwenye kinamasi, maji yakimfika magotini au kiunoni, akachagua mashina yaliyokomaa na kuyakata juu ya mizizi. Kisha huyabeba kichwani hadi nchi kavu, huyapasua, huyaanika juani kwa siku kadhaa mpaka yageuke kutoka kijani hadi rangi ya majani makavu, halafu huyapanga na kuyashona kwa kamba. Mvua ikinyesha kabla hayajakauka, huota ukungu, na kazi ya wiki nzima huishia kuwa kuni.

Hatari yenyewe ipo majini. Viboko hushinda ziwani na usiku hutoka kwenda malishoni, wakipita njia zilezile kila siku. Alfajiri hurudi. Mvuvi au mkataji wa mafunjo anayekutana na kiboko akiwa kati yake na maji hana pa kukimbilia, maana mnyama huyo hukimbia kuliko mtu licha ya unene wake. Ndiyo sababu wanaoijua kazi hii hungoja jua lipande, na hukwepa mapito ya viboko, yanayotambulika kwa nyasi zilizolala na matope yaliyochimbika.

Mafunjo yana uungwana wake. Yakikatwa juu ya mizizi, huchipua tena ndani ya miezi kadhaa. Yaking'olewa au kuchomwa ili kupata bustani ya mboga au shamba la mpunga, hayarudi, na pamoja nayo huondoka samaki wanaozaliana humo na ndege wanaojenga viota kati ya mashina. Miongoni mwao ni korongo mwenye taji, ndege wa taifa la Uganda aliye kwenye bendera ya nchi, ambaye sasa yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka. Yeye hutaga kwenye vinamasi, si juu ya mti. Kinamasi kikikauka, hana pa kulelea.

Uganda iliahidi kulilinda eneo hili. Mwaka 2006 mfumo wa ardhioevu wa Mburo na Nakivale, wenye ukubwa wa hekta 26,834, uliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar unaohusu ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Lakini maji ya mfumo huo yanaanzia mbali. Mto Rwizi huteremka kutoka milima ya Buhweju, hupita katikati ya Mbarara, ambako hunywesha jiji na viwanda, kisha ndipo huingia kwenye maziwa haya kabla ya kuelekea Ziwa Viktoria. Kwa miaka mingi kingo za Rwizi zimelimwa, mchanga wake umechimbwa, na vinamasi vyake vimegeuzwa malisho. Kiangazi kikikaza, kina chake hushuka hadi wakazi wa Mbarara kukosa maji mabombani. Mradi wa kuvuta maji ya mto Kagera kutoka Isingiro hadi Mbarara ni ushahidi kwamba Rwizi peke yake haitoshi tena.

Kwa hiyo anayefuma mkeka Nakivale anategemea kile kinachofanywa na mkulima wa Buhweju na mwenye kiwanda wa Mbarara, watu ambao huenda hataonana nao kamwe.

Zizi lenye rangi zake

Upande wa pili wa sanaa ya huku unatoka kwa ng'ombe. Ng'ombe wa Ankole mwenye pembe ndefu si mali tu, bali ni picha. Wafugaji wa Kihima wana msamiati mzima wa rangi na madoa ya ng'ombe na umbo la pembe, na kila ng'ombe huitwa kwa jina linalotokana na sura yake. Bihogo, yule mwekundu wa rangi ya kahawia iliyokoza, ndiye anayesifiwa kuliko wote. Mfugaji akisimama mlangoni mwa zizi jioni, hahesabu kwa tarakimu. Hutazama rangi, na ile isiyokuwepo ndiyo inayomwambia nani amepotea.

Kutoka kwenye upendo huo kilizaliwa chombo cha ekyanzi, chungu cha maziwa kinachochongwa kwa gogo moja la mbao, chenye shingo nyembamba na kifuniko kilichofumwa kama pia iliyogeuzwa. Vyombo hivyo hupangwa juu ya orugyegye, jukwaa la heshima ndani ya nyumba, na bibi harusi hupewa siku ya okuhingira, sherehe ya kumkabidhi kwa mumewe. Huoshwa na kufukizwa moshi wa nyasi ili maziwa yakae bila kuharibika na yapate harufu nzuri. Anayetaka kuviona vya zamani anaweza kusimama Igongo, kituo cha utamaduni kilichopo Biharwe kwenye barabara ya Kampala kuingia Mbarara, chenye jumba la makumbusho la Ankole.

Pembe nazo zina soko lake. Ng'ombe akishachinjwa, fundi hulainisha pembe kwa moto au maji yanayochemka, huikata, huibana ikanyooka, kisha huisugua mpaka ing'ae. Hutoka hereni, vifungo, vijiko, vitana na bakuli. Hakuna pembe mbili zinazofanana, hivyo hakuna hereni zinazofanana sawasawa.

Ukivuka kwenda mashariki mwa Rwanda, katika nchi ya zamani ya Gisaka, hata samadi haitupwi. Huko ndiko ilikotokea sanaa ya imigongo: kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu, huchorwa juu ya ubao kwa matuta ya mistari na pembetatu, na kikikauka hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Masimulizi ya Kinyarwanda yanamtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa ndiye aliyeianzisha ili kupamba nyumba yake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 sanaa hiyo ilikaribia kufa, na ni vikundi vya wanawake vilivyoifufua. Leo hupamba hoteli na ofisi za Kigali.

Lakini zizi lenyewe linabadilika. Ng'ombe wa Ankole hutoa maziwa machache. Friesian hutoa mengi zaidi kwa siku, na viwanda vya maziwa vya Mbarara vinalipa kwa lita, havilipi kwa urefu wa pembe. Ardhi imegawanywa na kuzungushiwa uzio, na mfugaji aliyekuwa na ng'ombe mia kwenye nyika sasa anafuga ishirini kwenye eneo dogo. Hawezi kulaumiwa kwa kuchagua karo ya shule ya watoto badala ya uzuri wa pembe. Ila kila zizi linapogeuka kuwa la Friesian, fundi wa pembe anapungukiwa na malighafi, na ekyanzi inabadilishwa na mtungi wa aluminiamu.

Mikono iliyovuka mpaka na ujuzi wake

Nakivale imeongeza juu ya hayo ujuzi wa watu waliokimbia wakiwa na mikono yao tu. Mrundi alikuja na ngoma, ambayo kwao huchongwa kwa mti waitao umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma iseme. UNESCO iliziingiza ngoma hizo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014, pamoja na uchezaji wake. Mnyarwanda alikuja na ufumaji wa vikapu vya agaseke vyenye kifuniko chenye ncha. Mkongo alikuja na cherehani, kitenge na brashi ya rangi, na kuta nyingi za saluni na maduka ya makazi hayo zimechorwa kwa mtindo unaomkumbusha mtu Bukavu au Goma. Msomali alikuja na hina na biashara ya duka.

Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, kila mmoja na chake. Sokoni mtu ataitwa papa au yaya na Mkongo, ssebo au nyabo na Mganda, mzee au mama na Mtanzania, na bei ikatajwa kwa namna inayoeleweka na wote.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea nchini, jambo ambalo nchi nyingi za dunia hazijalikubali. Hata hivyo, haki haishibishi. Tangu mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani limelazimika kupunguza mgao kwa wakimbizi walioko Uganda kwa uhaba wa fedha, na kaya nyingi zimetakiwa kujitegemea. Familia isiyo na chakula cha kesho hutazama kile kilicho karibu, na kilicho karibu ni mti wa mgunga na kinamasi.

Hapo ndipo kila kitu kinapokutana. Mti ukikatwa leo unakuwa mkaa baada ya siku chache, na mnunuzi wa mkaa yupo barabarani muda wote. Kikapu kizuri huchukua siku nyingi, na mnunuzi wake huja mara moja kwa mwezi, akitaka kupunguziwa bei. Mama anayefuma hana haja ya kuhubiriwa kuhusu mazingira. Anafanya hesabu, na hesabu inamwambia akate mti.

Mzani wa mfanyabiashara

Hesabu hiyo inaweza kubadilishwa na mtu mmoja: mnunuzi anayerudi. Mfanyabiashara anayeagiza vikapu ishirini kila mwezi kwa bei iliyokubaliwa, na kulipa sehemu ya fedha mwanzoni, anamfanya mfumaji aweze kuungoja msimu wa mafunjo bila kushika shoka. Hiyo si sadaka. Vikapu na mapambo ya pembe havioozi kama ndizi, havihitaji barafu kama samaki, na karantini ya ugonjwa wa midomo na miguu, ambayo hufunga minada ya ng'ombe ya Ankole mara kwa mara, haifungi biashara ya mikeka.

Taratibu za mpakani nazo si ngumu kama inavyodhaniwa. Chini ya Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha ya pamoja, hupata cheti rahisi cha uasili mpakani na husamehewa ushuru wa forodha. Uasili hapa ni mahali bidhaa ilipotengenezwa, si kabila la aliyeitengeneza. Kikapu cha mtindo wa Burundi kilichofumwa Nakivale kwa mafunjo ya Nakivale ni bidhaa ya Uganda. Cheti hicho hakiondoi taratibu za afya ya mimea na mifugo, kwa hiyo anayebeba ngozi au pembe kwa wingi afike kwanza kwa afisa mifugo wa wilaya.

Kuna mpaka mmoja ambao haupitiki. Mnunuzi anayeonekana kuwa na fedha ataletewa, siku moja au nyingine, kitu kilichofungwa kwenye kitambaa: jino la kiboko lililochongwa, kipande cha pembe ya ndovu, ngozi ya chui, magamba ya kakakuona, au kinda la korongo. Ataambiwa ni sanaa. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu adhabu hadi kifungo cha maisha au faini ya hadi shilingi bilioni 20 za Uganda kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini kutoweka. Si maneno ya kwenye karatasi tu: Oktoba 2022 mahakama ya Kampala inayoshughulikia kesi za wanyamapori ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha maisha kwa kosa la pembe za ndovu. Pembe ya ng'ombe ina tundu ndani na mistari ya rangi. Jino na pembe ya ndovu ni vizito na vyeupe. Asiyeweza kutofautisha asinunue.

Nchi nyingi zilizoleta wakimbizi Nakivale sasa zimo katika Jumuiya moja na Uganda: Rwanda na Burundi tangu 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, na Somalia iliyokamilisha uanachama wake mwaka 2024. Mikutano ya wakuu wa nchi huzungumzia soko la pamoja kwa lugha ya reli na bandari. Kwenye vibanda vya Nakivale na Endiinzi soko hilo tayari lipo, katika kikapu cha Mrundi kilichofumwa kwa mafunjo ya Uganda na kununuliwa na Mtanzania kwa Kiswahili. Kitakachoamua kama litakuwepo miaka kumi ijayo ni kina cha maji ya Rwizi, na kile ambacho mnunuzi wa leo anachagua kupakia: gunia la mkaa au mzigo wa mikeka.